Kilo Moja ya Vifungo

Kila tarehe kumi naingia soko la Gyumri na daftari.
Sinunui kitu. Kazi yangu ni kuuliza.
Mayai? Jibini ya kamba? Kunyoa nywele, mwanamume, bila kuosha?
Wauzaji wamenizoea kama walivyoizoea baridi:
"Hripsime kaja, ficheni furaha, isije ikatozwa ushuru."

Kapu langu ni la karatasi.
Lina vitu mia nne na ushei, halina mkono wala kitako,
na hakuna aliyewahi kulibeba likamkata kiganja.

Mama alizijua bei zilipokuwa na mbawa.
Mwaka ule wa giza, umeme saa moja kwa siku,
alipokea mshahara asubuhi, kiwanda cha soksi,
akakimbia.
Alipofika mbele ya foleni ya mkate
chaki ilikuwa imeshafutwa na kuandikwa mara mbili,
na noti zilimnyaukia mkononi kama kotimiri juani.
Basi akaingia duka la pili, lililobakiwa na vifungo tu,
akanunua vifungo. Kilo moja. Jasho la mwezi mzima.
"Vifungo haviozi," alimwambia baba,
na baba alicheka mpaka akakohoa,
kisha hakucheka tena mpaka theluji ilipoyeyuka.
Tulikula nini jioni ile, sikumbuki.

Sasa bei zinashuka.
Redio ya Yerevan inatangaza kwa sauti ya harusi:
asilimia moja nukta tatu, chini, mwezi wa tano mfululizo.
Rahisi! Nani atakataa cha rahisi?

Muulize Varazdat.
Dukani kwake limetundikwa koti jeusi la sufi,
lile lililo kwenye orodha yangu, saizi hamsini na mbili.
Septemba, elfu sitini. Oktoba, hamsini na tano.
Novemba alikata tena kwa kalamu nyekundu.
Shoghik, ambaye mwanawe huenda kazini na sweta,
hupita, hulishika mkono kama anayesalimia, huenda zake.
"Nangoja. Mwezi ujao litashuka."
Na linashuka kweli, naye anangoja,
maana aliyengoja akaona faida haachi kungoja.
Varazdat anangoja kumlipa mshonaji,
mshonaji anangoja kumlipa mwenye mayai,
mwenye mayai amechinja kuku sita.
Mji mzima umekaa kama wagonjwa nje ya mlango wa daktari,
kila mmoja akimtazama mwenzake atangulie.

Aliyebuni neno mfumuko huenda alikaa jirani na mwoka mikate:
unga unaumuka, unafurika bakuli, unakutia aibu mbele ya wageni,
lakini unanukia uhai.
Na huu mwingine tuuite nani? Mnyweo.
Unga uliolala. Unaubonyeza, haurudi.

Desemba, tarehe kumi, rafu zote zimo maboksini.
"Andika," alisema Varazdat, "elfu thelathini na moja.
Andika upesi, kesho hapana duka."
Niliandika. Kisha nikafanya nisichoruhusiwa:
nilifunga daftari, nikafungua pochi.
Alinitazama kana kwamba nimevua viatu kanisani.
"Wewe? La nani? Marehemu wako alikuwa mfupi."
"Nipe tu."

Kifungo cha pili kilikuwa kimekatika.
Usiku nilishusha kopo la mama juu ya kabati, nikachokora.
Vyeusi vilikwisha zamani, kwenye makoti ya mazishi.
Nilishona cha kahawia.

Alfajiri nililitundika kwenye kitasa cha Shoghik,
theluji bado haijakanyagwa na mtu,
na nyayo zangu zikabaki zikinisema
toka mlango wake hadi wangu.

Mwezi wa kwanza fomu itauliza tena: koti, mwanamume, sufi, jeusi.
Nitajaza tarakimu mbili zenye maana ya haipo.
Lakini leo, kabla ya chai, kijana alipita dirishani,
koti limemzidi, mikono imemeza vidole,
na kile cha kahawia kinang'aa katikati ya vyeusi
kama bei iliyokosewa.